Kiti cha Pili

Kwa mara ya tatu bibi alirudi ndani kubadili nguo. Mundhir akashusha kamera, akasonya. Mwezi mzima alikuwa akiwapiga picha wazee wa Usagara mbele ya nyumba zao, na hakuna hata mmoja aliyekubali kupigwa alivyo. Wote walitaka nguo za Idi!

"Bibi, jua linapanda! Ile kanga ya kwanza ilitosha."

"Haraka ya nini, mjukuu wangu?"

Akatoka na kiti cha pili. Mundhir nusura apige kelele.

Bibi akakivika kiti kanzu iliyopigwa pasi, akaweka kofia juu yake. Kisha akaketi kando, akaushika mkono mtupu wa ile kanzu.

"Haya, piga upesi. Mume wangu hakupenda kungojeshwa."