Mbuzi wa Uzazi

Mawifi wa Eliaichi walikizunguka kitanda chake wodini, wakisengenya nusu ya Marangu, hata mshono ukamuuma kwa kicheko.

Mama mkwe alifungua chupa ya mtori. Mafuta yalielea juu ya ndizi laini.

"Kunywa, mwanangu, upate nguvu. Si wametibu mlango wa kizazi tu? Mwakani nakupikia mtori wenyewe, wa uzazi."

"Na mbuzi wa kukuchinjia ukijifungua tumeshamchagua!" wifi mmoja akadakia. "Amenona kama mumeo!"

Wote wakaangua kicheko.

Asubuhi daktari alikuwa amemwambia Eliaichi kwamba wamelazimika kutoa kizazi chote. Hata mumewe hakujua bado.

Kijiko kilimgusa mdomo. Alimeza.

"Mama," alisema, "yule mbuzi msinitunzie."