Tafsiri ya Mwalimu Siwema

Siku wafadhili walipokuja kumtazama sokwe anayesema kwa mikono, Mwalimu Siwema alisimama kando ya kizimba, tayari kutafsiri. Yeye ndiye aliyemfundisha Kito kila neno alilolijua. Kito aliwapa wageni kisogo, akamgeukia mwalimu wake na kuashiria: "Fungua. Kito nje."

"Anasemaje, Mwalimu?" mkurugenzi aliuliza, akitabasamu.

"Anaomba ndizi," Siwema alijibu.

Wageni wakapiga makofi. Ndizi ikapenyezwa kati ya nondo. Kito aliiweka chini bila kuimenya, akasogea karibu, kisha akarudia ishara zake polepole, moja moja, kama Siwema alivyokuwa akimfanyia yeye siku alizokuwa mzito wa kuelewa.