Nambari ya Mama

Kila umeme ulipokatika na kurudi, kamera ya chumbani kwa baba ilijipatia nambari mpya ya mtandao, na Mwatumu akiwa kazini aliitafuta bure kwenye ile ya zamani. Jana mzee alianguka kutoka kitandani, akalala sakafuni mpaka jioni bila mtu kujua.

Leo Mwatumu aliketi mbele ya ruta aliyoiunda mwenyewe kwa kompyuta kuukuu, mtambo unaogawia kila kifaa cha nyumbani nambari yake ya mtandao, aipe kamera nambari isiyobadilika. Baba akamwita kutoka chumbani.

"Simu ya marehemu mama yako bado ina nambari yake humo?"

"Bado, baba. Sijaweza kuifuta."

"Basi niweke mimi hapo."

"Nambari ziko tele, baba."

"Najua, mwanangu. Mimi nataka hiyo."

Mwatumu aliweka kidole kwenye kitufe. Kisha akafuta jina la mama, akaipa kamera nambari ile kwa jina la baba, akazima umeme wa nyumba nzima na kuuwasha tena ili ahakikishe. Akafungua simu yake. Picha ilikuja palepale: baba amegeukia ukutani, upande aliozoea kulala mama, na mkono wake umenyooka juu ya shuka.