Gazeti Linalosema

Katika mji mmoja wa baridi huko Ulaya, Rukaya na mwenzake Tomasz walianzisha kampuni ndogo. Programu yao ya simu ilisoma magazeti kwa sauti. Siku moja walimwalika Bwana Henrik, mzee asiyeona, aijaribu. Fedha zilikuwa zimewaishia; kama angeikataa, wangefunga ofisi.

Mzee akaiweka simu sikioni, akakunja uso.

“Huyu anasoma kama yuko msibani!”

Tomasz akainamisha kichwa. Rukaya akaichangamsha ile sauti, kisha akafungua habari za michezo. Mara mzee akaruka kitini.

“Timu yetu imeshinda? Binti, rudia hapo hapo!”

Rukaya akarudia huku akicheka. Mzee hakungoja iishe. Akapapasa hadi mlangoni, akatoka na simu yao, akainyanyua juu barabarani, akiwaita wapita njia waje wasikie.