Wino wa Ramani

Penseli ilikuwa ya kila mtu. Wino ulikuwa wa mzee peke yake.

Ndiyo ilikuwa sheria ya ramani ya mabomba ya mtaa wetu wa Kikula, tangu mafundi wa maji walipoacha kuja. Aliyechimba akakuta bomba alilichora kwa penseli. Mzee, mchoraji wa kiwandani kabla mishahara haijakatika, alikwenda kuchimba tena mwenyewe, ndipo akatia wino.

Siku hiyo Émérence, kijana wa mtaani, alileta sahihisho lake la kumi na mbili. Yale kumi na moja ya kwanza, mzee alipochimba, yote yalikuwa ya kweli.

"Papa, bomba ya maternité haipite nyuma," alisema. "Inapita chini ya mlango. Nilichimba minye mwenyewe."

Mzee aliinamia karatasi. Mstari wa nyuma aliuchora yeye, kwa wino, na kesho asubuhi wanaume kumi wangechimba wakiufuata huo huo. Kule maternité, wodi ya kujifungulia, wazazi walikuwa na siku nne bila maji.

Alitazama kucha za Émérence. Zilikuwa na udongo mwekundu, bado mbichi.

Jembe lilikuwa pale mlangoni. Hakuligusa. Alifungua kalamu, akafuta ncha yake kwa kidole gumba, akamnyooshea.

"Andika weye."

"Na kama nimekosea, papa?"

"Minye pia nilikosea."

Émérence aliweka ncha juu ya mstari wa mzee. Akaanza kuukata.

Mzee akashika pembe ya karatasi, isiteleze.