Ng'ombe Aliyepona

Mfugaji hakuwa na simu, hakuwa na daktari wa mifugo wa karibu, hakuwa na mtoto wa kiume wa kumtuma. Sasa alisimama mbele ya ng'ombe wake aliyechinjwa baada ya kuvunjika mguu.

Pafu moja lilikuwa limegandamana na mbavu. Mchinjaji alilibandua kwa kisu, akapapasa uvimbe mgumu kama embe bichi, akaupasua. Ndani ya ganda nene kulikuwa na kipande cha pafu kilichokufa, kimelowa usaha.

"Huyu aliwahi kukohoa?"

"Mwaka jana. Akapona, yeye na nduguye."

"Kupona gani, mzee? Pafu liliufungia ugonjwa chumbani. Siku mlango ukifunguka, zizi zima litakohoa."

Mfugaji akaegemea ukuta. Nduguye ng'ombe huyo alikuwa kwa wakwe, zawadi ya harusi ya binti yake wa pekee.

"Nyamaza, baba," mkewe alimsihi. "Wakijua tumewapelekea kifo, mwanangu atarudishwa na virago vyake."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kitamuumbua nani? Si mwanangu?"

Mfugaji alichukua karatasi. Akawaandikia wakwe kwamba ng'ombe yule atengwe leo hii na daktari aitwe.

Akailamba bahasha. Ulimi ulikuwa mkavu. Akailamba tena, akaibana kwa kidole gumba, kisha akamkimbilia dereva wa lori la maziwa linalopita kwa wakwe.

"Mpe baba mkwe wa binti yangu mkononi," alisema. "Usimpe binti mwenyewe."