Jorji, Mtoto wa Mkata Miwati

Gauni lilikuwa jeupe mno, na vidole vya Ema vilikuwa na masizi ya jikoni. Akavificha mgongoni.

"Mvalishe," alisema Mama Teodora, mke wa karani wa Boma. "Limeshonwa Makambako kwa fundi wa Kihindi. Unaogopa nini?"

"Naogopa watu, Mama."

"Watu hawabatizi. Mchungaji ndiye anayebatiza."

Ema akafuta mikono kwenye kaniki yake, akamvalisha mwanawe. Mtoto alikuwa na majuma matatu. Wa Mama Teodora alimzidi siku mbili tu, lakini alikuwa amefichwa chumba cha ndani, ambako hata Ema, mtumishi wa nyumba ile aliyemfulia nguo, hakuruhusiwa kuingia.

Kengele ya kanisa ilikuwa imeshalia mara ya kwanza. Ikilia ya pili, basi. Ama mwanawe atatoka kanisani akiitwa Jorji, kama Mfalme aliye ukutani pale Boma, ama atatoka na jina lolote watakalomtupia.

Njombe ile, majina yalikuwa kama viatu: wenye navyo walisikika wakija. Makarani na wakalimani waliwaita watoto wao Edwardi, Viktoria, Fidelia. Wakata miwati kama mume wa Ema, waliochuna magome ya miti hiyo kwa ajili ya viwanda vya ngozi, waliwaita wao Shida, Mashaka, Sikujua. Binti mkubwa wa Ema aliitwa Tabu. Siku alipompeleka shule, mwalimu alimtazama mtoto, akatazama daftari, akasema, "Tabu tunazo za kutosha, mama. Mlete mwakani." Darasa zima likacheka. Kesho yake mwalimu yule yule akampokea Fidelia wa mkalimani, ambaye meno yake ya utoto yalikuwa hayajaanza hata kulegea.

Kwa hiyo juma lililopita, Mama Teodora aliposema, "Mwanao mwite Jorji," Ema alipiga magoti pale pale kwenye majivu ya jiko.

"Na wako, Mama? Si ndilo mlilomwekea?"

"Wangu lake lipo."

Ema hakuuliza tena. Mama yule alikuwa amezika watatu, Edwardi, Viktoria na Albati, na hakuna aliyetimiza mwaka. Aliyefiwa huacha kiburi, Ema aliwaza. Mungu humlainisha.

Aliyenung'unika ni mama mkwe peke yake. "Shida, Mashaka, Tabu. Hebu chungulia uwanjani. Wote wapo, wanagombania viazi."

"Majina hayo yanatuaibisha, Mama."

"Yanatuaibisha, ndiyo. Lakini wapo. Kifo huchagua majina mazuri."

Kengele ikalia ya pili.

Mlangoni mwa kanisa alisimama Enoki, mzee wa kanisa, mtu wa maneno mengi. "Kamwene, Ema! Naona umetuletea Gavana. Anaitwa nani?"

"Jorji."

"Jorji! Huyu atakata miwati amevaa taji!" Wanaume waliokuwa karibu wakacheka hadi wakashikana mabega.

Ema akapita ameinamisha kichwa. Alihisi macho ya benchi zote yakilivuta gauni lile uzi mmoja mmoja. Mbele, Mchungaji Danieli alishika kalamu, akamsikiliza, kisha asiandike.

"Ema, binti yangu. Majina mengine yana wenyewe."

Alijua maneno ya kujibu. Alikuwa ameyarudia njia nzima. Akaishia kulinyoosha gauni la mtoto. Mchungaji akaanza kugeuza ukurasa.

"Nimempa mimi," ilisema sauti nyuma yake. Mama Teodora alikuwa amesimama, mwanawe kifuani chini ya shali nzito. "Andika, Mchungaji."

Paa la bati la kanisa lile lilitolewa na karani. Mchungaji akaandika. Maji yakamgusa mtoto mara tatu, na jina likatamkwa mbele ya watu wote, mbele ya mwalimu aliyekaa benchi ya tatu. Ema alilia bila kujificha. Hakuna tena wa kumwambia mwanawe aje mwakani.

"Na wa karani," alisema Mchungaji.

Mama Teodora akafunua shali. Mtoto hakuwa na gauni. Alikuwa amefungwa kipande cha gunia, na paji lake la uso limepakwa majivu. Karani Gideoni, mumewe, na tai yake shingoni, aliitazama sakafu.

"Jina lake?"

"Jalala."

Vijana wa nyuma wakaangua kicheko. Enoki akakohoa kukizuia chake. Ema akageuka kumtafuta mama mkwe, akitaka wacheke pamoja hata mara moja. Bibi hakucheka. Hakuna hata mwanamke mmoja mzee aliyecheka.

Ibada ilipokwisha, Ema alikuwa hajafika mlangoni bibi alipomshika mkono kwa nguvu.

"Mvue hilo gauni."

"Hata leo, Mama? Hata leo humwonei fahari mjukuu wako?"

"Mvue, nakwambia! Sasa hivi!"

Ema akajinasua, akatoka juani, mtoto ameinuliwa juu ili wote wamwone. Mama Teodora alikuwa ametangulia. Alikuwa amepiga magoti kwenye makaburi matatu madogo kando ya kanisa, gunia limekumbatiwa kifuani, akisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Huyu niliyembeba ni taka, nimemwokota jalalani. Mtoto wa karani ni yule pale, mwenye gauni jeupe. Anaitwa Jorji."